Kufuli Duara Limefika Kindu!

Zito! Kiganja kinakuambia hivyo kabla macho hayajamaliza kutazama. Ni kufuli la duara, upana wa milimita 70, chuma cheupe kisichoshika kutu, laini pande zote, halina pembe hata moja ya kushika. Na ule upinde, ule ambao mwizi yeyote huutafuta kwanza, umekwenda wapi? Umejificha! Unachungulia kidogo tu kwenye pengo fupi upande mmoja, halafu unazama tena ndani ya mwili wa kufuli. Limejikunja kama kobe aliyeona fimbo. Nimelitamani muda mrefu kwenye picha za katalogi, nimesikia watu wa makontena wakilisifu, na sasa limeshuka na mzigo kutoka Lubumbashi, liko mkononi mwangu, hapa hapa komini ya Kasuku. Mkono unatetemeka kwa furaha, nasema kweli.

Jina lake ni Diskus, la kampuni ya Ujerumani iitwayo ABUS, iliyoanzishwa mwaka 1924 na August Bremicker katika mji mdogo wa Volmarstein. Umbo hili la duara limekuwepo tangu 1949. Tangu 1949! Babu zetu walikuwa wanajenga reli na kupakua boti za Lualaba wakati Mjerumani alishagundua kwamba njia bora ya kulinda upinde wa kufuli ni kuuzungushia chuma. Leo umbo hilo limeigwa na viwanda vingi duniani, vizuri na vibaya, na bado garaji nyingi za Kindu zinafungwa kwa makufuli membamba yaliyoning'inia hewani, upinde wote nje, yakimkaribisha mwenye mkasi.

Niseme ninachokiamini tangu mwanzo, ili nisikuchoshe: kwa mlango wa garaji wa mji huu sijashika kitu bora kuliko hiki. Lakini kina sharti. Kufuli hili ukilining'iniza kwenye pete nyembamba iliyofungwa kwa skrubu nne, umetupa pesa zako mtoni. Linataka nyumba yake: sanduku la chuma lililochomelewa, na mlango uliofunika mwanya wake. Vikikutana hivyo vitatu, ndugu yangu, mwizi anabaki anapapasa ukuta.

Tuzungumze kwanza juu ya garaji yenyewe, kwa sababu watu wa sinema wametuharibia picha. Garaji yetu haina mlango unaopanda juu kwa rimoti. Garaji ya Kindu ni chumba cha matofali ya kuchoma ubavuni mwa nyumba, au kibanda ndani ya parsel, yaani kiwanja cha nyumba, chenye mabawa mawili ya mabati yaliyochomelewa juu ya fremu ya chuma cha pembe. Usiku huingia humo pikipiki, jenereta, madumu ya mafuta, betri za sola, magunia ya mchele, wakati mwingine saruji, na kama Mungu amekujalia, gari. Kwa familia nyingi, benki ni chumba hicho.

Na kila kilichomo kimesafiri! Hili ndilo linalonifanya nipaze sauti. Kitu kinachokuja kwa treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, kutoka Lubumbashi kimepita Kamina, Kabalo, Kongolo na Kibombo, zaidi ya kilomita elfu moja za reli ya zamani, na treni hiyo haina haraka na mtu. Kinachokuja kwa ndege kimelipiwa kwa kilo. Kwa hiyo mtu akikuibia jenereta hapa, umepoteza bei yake, umepoteza nauli yake, na umepoteza wiki au miezi ya kusubiri nyingine. Mwendesha pikipiki akiamka asubuhi akakuta garaji tupu, watoto hawali jioni. Ndiyo maana siwezi kulizungumzia kufuli kwa sauti ya chini.

Sasa mwangalie adui wa kwanza. Haji usiku na mtaimbo. Yuko nasi mchana kutwa: unyevu. Mji wetu uko karibu nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, kandokando ya Lualaba, msitu umetuzunguka, na mvua hutupumzisha kidogo tu kati ya Juni na Agosti. Kufuli la chuma lililopakwa rangi nzuri ya kijivu au ya dhahabu linaingia mji huu likiwa jipya, na kabla msimu haujageuka linalia machozi mekundu kwenye bati. Springi ndani zinakamatana. Ufunguo unaingia nusu. Mwenye nyumba anamwaga mafuta ya injini, vumbi linashika mafuta, linakuwa tope, na siku moja ufunguo unakatikia ndani, mwenye mali mwenyewe anaita fundi aje avunje mlango wake! Wangapi wamepita hapo? Kwa hiyo ukiwa dukani, swali la kwanza kabla ya ukubwa na kabla ya bei ni hili: hiki kimetengenezwa kwa nini?

Shaba ya njano haishiki kutu, na ndiyo sifa yake kubwa. Mwili wa shaba halisi utadumu kwenye mvua zetu miaka mingi. Ila shaba ni laini, keekee inaipenda, na upinde wake kwa kawaida ni chuma kilichopakwa, kwa hiyo kutu huanzia pale kwenye mashimo mawili upinde unapoingia. Tena si kila chenye rangi ya shaba ni shaba! Beba sumaku. Ile sumaku kubwa ya spika ya redio iliyokufa inatosha. Ikiganda kwenye mwili wa kufuli linaloitwa la shaba, umeshikishwa chuma kilichopakwa rangi. Rudisha, sema asante, endelea na safari. Kwa mlango wa ndani, kwa sanduku, kwa chumba cha kuku, shaba inafaa kabisa. Kwa mlango wa garaji unaotazama barabara, mimi hapana.

Kuna yale ya vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwa ribiti. Baba yao ni Harry Soref, aliyeanzisha Master Lock huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1921. Wazo lake lilikuwa zuri ajabu: vipande vingi vyembamba vya chuma vinavumilia nyundo kuliko kipande kimoja cha kumiminwa. Nyundo, ndiyo. Lakini maji yanaingia kati ya vipande, na kwenye hali yetu ya hewa hilo kwangu ni kosa lisilosameheka. Yafae penye jua kavu.

Halafu ndipo linakuja hili duara, na roho inaruka. Mwili wake ni vipande viwili vya chuma kisichoshika kutu vilivyounganishwa kwa kuchomelewa pande zote, hakuna tabaka la kuingiza maji, hakuna rangi ya kubanduka. Ndani, upinde wenyewe ni sehemu ya mviringo, unene wa milimita 10, na haufyatuki kwa springi. Unazunguka! Unageuza ufunguo, upinde unateleza ndani ya njia yake ya duara, mwanya unafunguka. Unageuza tena, unateleza kurudi, unaingia upande wa pili na kukaa kimya. Sikiliza mlio wake: mzito, mfupi, wa kitu kilichokaa mahali pake. Nimefungua na kufunga, nimefungua na kufunga, mpaka watoto wa jirani wakaja kuomba zamu.

Kwa sababu hakuna springi ya kufyatua upinde, ujanja mmoja mkubwa wa mtaani umekufa papo hapo. Mnaujua ule wa kukata kipande cha kopo la soda, kukikunja, na kukisukuma kando ya upinde mpaka kile kijino cha ndani kirudi nyuma? Makufuli mengi ya bei ya chini yanafunguka hivyo bila ufunguo, bila kelele, bila alama. Hapa hakuna kijino cha kusukumwa. Ukinunua kufuli la umbo la kawaida, uliza kama linabanwa kwa gololi mbili za chuma, moja kila upande wa upinde. Gololi nazo hazisukumiki kwa kopo.

Ufunguo unabaki ndani kufuli likiwa wazi. Wengine watalalamika, mimi nimeshangilia! Huwezi kufunga kabla hujakumbuka ufunguo, kwa sababu bila ufunguo halifungiki. Na kuna mchezo mwingine wa wezi unaozimwa ukijiwekea tabia moja: mchana, mlango ukiwa wazi, watu huacha kufuli likining'inia limefunguliwa, mjanja anapita, analichukua, anaacha jingine linalofanana nalo, na usiku anarudi na ufunguo wake mwenyewe. Wewe ukishafungua garaji, lirudishe kufuli kwenye tumbuu, ile pete ya mlango, ligeuze, lifunge lenyewe tupu, ufunguo mfukoni. Sekunde mbili, kazi imekwisha.

Moyo wa ndani ni ule ule wa pini na springi ndogo ambao Linus Yale mdogo, Mmarekani, aliupatia hataza mwaka 1861 na 1865, kwa wazo ambalo Wamisri wa kale walishalitumia kwenye makufuli yao ya mbao: pini zinadondoka na kuzuia, ufunguo wa kweli unazinyanyua zote kwa kimo chake sawasawa. Hizo springi ndogo ndizo udhaifu pekee ninaouona kwa mji wa vumbi na mvua. Anayetaka kuzikwepa kabisa, na ambaye mfuko wake unaruhusu, atafute kufuli la Abloy la Finland. Emil Henriksson aliligundua mwaka 1907: hakuna pini, hakuna springi za kunyanyua, ni visahani vinavyozunguka mpaka mifuo yao ikalingana. Vumbi, mchanga, baridi, unyevu, vinalisumbua kidogo sana. Kama siku moja nitaona moja likiuzwa Kindu, nitaandika tena, na nitaandika kwa herufi kubwa!

Basi nililipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Huyu ni mtu asiyesifu kitu ovyo. Alilipima kwa kiganja, akaligeuza, akachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vyuma, ule wenye mikono mirefu, akajaribu kuyapeleka meno yake kwenye upinde. Akajaribu kwa juu, kwa chini, kwa ubavu. Kisha akacheka.

"Mukubwa, mukasi itashika wapi hapa? Haina fasi!"

Haina fasi! Ndiyo hukumu niliyokuwa naingoja. Mkasi unahitaji meno mawili, kila moja upande wake wa upinde. Kufuli hili linaacha nafasi ya pete ya mlango tu. Mtaimbo nao unahitaji tundu la kuingia na kitu cha kuegemea. Hapa unateleza kwenye duara. Msumeno wa chuma unahitaji mahali pa kwenda na kurudi. Nyundo inapiga mgongo wa duara na kuruka.

Lakini fundi hakuishia hapo, na kwa hilo namheshimu. Aliliweka kufuli kwenye kishikizo cha kawaida cha mlango, kile cha bati kinachouzwa kimefungwa kwenye plastiki na skrubu zake nne, tulichokuwa tumekipigilia kwenye ubao wa majaribio. Akachomeka mtaimbo nyuma ya kishikizo. Kraa! Kishikizo kizima kikaja, na kufuli letu zuri likiwa bado limefungwa, halina hata mkwaruzo, likining'inia kwenye bati lililong'oka. Kila mtu pale karakana alinyamaza. Hapo ndipo garaji nyingi zinapopotelea: mtu ananunua kufuli la dola nyingi na kulitundika kwenye kipande cha bati cha bei ya sigara.

Kwa hiyo tumejenga nyumba ya kufuli. Nieleze vizuri, maana hapa ndipo fedha yako inapogeuka kuwa usalama. Fundi alikata bamba la chuma la milimita 6 na kutengeneza tumbuu mbili, moja kwa kila bawa la mlango, zikipishana kwa karibu sana, zimetobolewa tundu la milimita 12 ili upinde wa 10 upite bila kulegalega. Hazina skrubu, zimechomelewa moja kwa moja kwenye fremu ya chuma cha pembe, si kwenye bati, kwa sababu bati linararuka. Juu yake akachomelea kipande cha bomba nene, kipenyo kinachozidi kufuli kidogo tu, kimezibwa mbele na juu, kiko wazi chini. Mkono unaingia kwa chini, ufunguo unaingia kwa chini, mvua haiingii. Kufuli limeketi humo ndani kama... hapana, nimeshamtaja kobe, yatosha. Limeketi humo, na ukisimama mbele ya mlango huoni kufuli. Unaona kopo la chuma.

Tena tundu la ufunguo likitazama chini, maji yakiingia yanatoka yenyewe. Kitu kidogo, na mvua ya Novemba itakuonyesha ukubwa wake.

Sasa mwanya. Mabawa mawili ya mlango yakikutana huacha ufa katikati, na ufa ni mlango wa mtaimbo. Wazee wa pwani walilijua hili zamani sana. Tazama mlango wa kale wa Zanzibar: bawa dume na bawa jike, na katikati kuna mfaa, ule mti mzito uliochongwa, umegongomewa bawa moja na kulifunika la pili mlango unapofungwa. Watu wanasimama kupiga picha nakshi zake; mimi natazama kazi yake! Unaficha ufa. Na sisi wa Maniema tuna haki ya kuukumbuka, maana misafara iliyoleta Kiswahili Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19 ilitoka kwenye nyumba zenye milango hiyo. Nilimwambia fundi achomelee mfaa wetu: ukanda wa chuma, upana wa viganja viwili vya mtoto, toka juu mpaka chini, kwenye bawa linalofunguka kwanza, ukilifunika la pili. Sasa ncha ya mtaimbo haina pa kuanzia.

Bawa lile la pili linahitaji kushikwa peke yake, juu na chini. Komeo la chini linaingia kwenye bomba lililomiminiwa zege sakafuni, kina cha kidole kizima. Komeo la juu linaingia kwenye fremu. Bila hayo, mtu hagusi kufuli kabisa: anasukuma mabawa yote mawili kwa bega, yanapinda katikati, anapita. Nimeona garaji ya namna hiyo hapa mjini, kufuli limefungwa vizuri na pikipiki haipo.

Na bawaba! Angalia bawaba zako leo. Kama zile pini zinaonekana nje na mlango unaweza kunyanyuliwa ukatoka, kufuli lako ni pambo. Fundi achomelee kifuniko juu ya kila pini, au aweke kipande cha chuma upande wa bawaba kinachoingia kwenye tundu la fremu mlango ukifungwa, ili hata pini ikitolewa mlango ubaki.

Kuhusu kile kinachoandikwa kwenye pakiti: Ulaya wana kipimo cha makufuli kiitwacho EN 12320, kuanzia daraja la 1, jepesi kabisa, hadi la 6, la maghala makubwa. Ukiona alama hiyo, kwa garaji yenye pikipiki na jenereta mimi nisingeshuka chini ya 3. Mengi yanayouzwa kwetu hayana alama yoyote, kwa hiyo tumia mikono yako. Neno la Kiingereza lililogongwa kwenye upinde kudai kwamba chuma chake kimekomazwa halitoshi. Mtu yeyote anaweza kugonga neno. Chukua tupa ndogo, isugue kwa upole mahali pasipoonekana: kwenye chuma kilichokomazwa tupa inateleza na kulia, kwenye chuma laini inauma na kuacha unga. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu hata kwenye sampuli moja amekwisha kukujibu.

Jaribio jingine ninalolipenda zaidi: mwombe muuzaji akufungulie makufuli kadhaa ya aina moja, kisha chukua ufunguo wa hili uufungulie lile. Msishangae. Ya bei ya chini hutengenezwa kwa aina chache sana za funguo, na ufunguo wa jirani yako kabisa unaweza kukufungulia. Likifunguka, ondoka na rafiki zako wote.

Ya bandia yenye umbo la duara yapo pia, na yanafanana mbele ya macho. Shika. La bandia ni jepesi, mshono wake umebanwa tu badala ya kuchomelewa, na ukilitikisa karibu na sikio linalia ndani. La kweli limenyamaza.

Matunzo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Usimimine mafuta ya injini, wala mawese, wala mafuta ya kula. Kwaruza penseli laini, upate unga mweusi, uupulizie kwenye tundu la ufunguo, ingiza ufunguo na kuuzungusha mara kadhaa. Unga huo unalainisha bila kushika vumbi. Mara moja mvua zinapoanza na mara moja zinapokatika, na kufuli linateleza.

Kuna jambo moja halina mjadala kwangu, na ningetaka kila baba na kila mama alisome. Sentineli, yaani walinzi wa usiku, wengi hulala ndani ya garaji, karibu na pikipiki, na mwenye nyumba huwafungia kwa nje ili mali iwe salama zaidi. Msifanye hivyo! Humo mna petroli. Mna jenereta, na moshi wa jenereta ndani ya chumba kilichofungwa unaua mtu usingizini bila kumwamsha. Kama mtu analala ndani, mlango ufungwe kwa ndani, kwa komeo zito ambalo yeye mwenyewe analifungua gizani kwa mkono mmoja. Kufuli hili duara ni la garaji isiyo na mtu. Kadiri lilivyo zuri kuzuia mtu asiingie, ndivyo litakavyomzuia asitoke.

Je, lina mapungufu? Upinde wake mfupi hauzunguki mnyororo mnene, kwa hiyo kwa kuifunga pikipiki kwenye pete ya sakafuni, jambo ninalolipendekeza sana ndani ya garaji hiyo hiyo, utatafuta kufuli jingine lenye upinde mrefu zaidi. Halikubali kishikizo chochote cha dukani; lazima fundi. Na bei yake inapita makufuli kadhaa ya kawaida. Pia hakuna kufuli duniani linaloishinda grinda ya betri ikipewa muda. Lakini grinda inapiga kelele, inarusha cheche usiku wa manane, na sasa inabidi ikate kwanza kopo la chuma kabla haijaliona kufuli. Kindu usiku ni kimya. Kelele hiyo itasikika parsel ya tatu, na watu wetu wanajua kutoka na tochi.

Yapo siku hizi makufuli ya simu, ya alama ya kidole, ya namba zinazowaka. Nimeyatazama kwa heshima. Kwa mji ambao umeme unakuja unapotaka, ambao unyevu unaingia hata ndani ya simu iliyo mfukoni, bado sijaona la kuliamini kwa mlango unaonyeshewa mvua. Chuma, pini, ufunguo. Hiki nitakielewa hata betri zote za mji zikiisha.

Jirani yetu, mama mwenye depo ya mchele na chumvi, alikuja jioni ya kwanza tu. Alitia mkono chini ya kopo, akapapasa, akageuza ufunguo mwenyewe, akausikia ule mlio.

"Papa, na mimi nataka ya hivi kwa depo yangu. Ile kadena yangu ni ya kuchezea tu."

Nikamwambia asubiri kidogo, kwa sababu kuna habari tamu zaidi: haya yanaweza kuagizwa kwa seti, makufuli kadhaa yanayofunguliwa na ufunguo mmoja. Fikiria! Garaji, lango la parsel, chumba cha jenereta, ufunguo mmoja shingoni badala ya rundo linalotoboa mfuko. Nimeshaagiza Lubumbashi mawili yanayolingana na langu. Ufunguo wa akiba hautakaa nyumbani kabisa. Utavuka mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, kwa dada yangu mkubwa, mtu asiyepoteza kitu. Mama wa depo naye amelipa nusu ya lake, na fundi ameshapima mlango wake: ufa wa katikati ni mpana kuliko wangu, kwa hiyo mfaa wake utaongezwa upana, na bawaba za juu zitabadilishwa zote mbili kabla kufuli halijafika.